Koti la Mzee Stoo

Jumanne, 3 Juni

Goti lile lile. Chai ya mchaichai bila sukari, amri ya daktari. Nimeanua koti kambani, nimeshona kifungo cha pili. Koti la kaki, mifuko minne, kiraka kwenye kiwiko cha kulia. Filamu tisa nimelivaa. Vijana watatu wameigiza Kachero Sindano: wa kwanza alinenepa, wa pili akapata kazi serikalini, wa tatu ndiye huyu wa sasa, mzuri wa sura, mzito wa miguu. Mimi ni yule yule. Mzee Stoo. Kila filamu dakika tatu. Kachero anaingia ofisini kwangu, namfokea kidogo, namkabidhi kifaa, pampu ya baiskeli yenye kamera ndani au kalamu inayonasa sauti. Namwambia maneno yangu. Anaondoka kwenda kufukuzana na wabaya maporini. Basi, kazi yangu imeisha, nakula ndizi na maharage ya kambini, narudi nyumbani.

Ya kumi inaanza mwezi ujao. Evarist, mwongozaji wetu, katuma habari kwamba Jumapili atakuja hapa Murusagamba "tuongee". Sikulipenda hilo neno. Miaka yote ujumbe ni mmoja tu: Mzee, tarehe fulani, njoo na koti.

Nafanya mazoezi shambani. Jana niliyasema maneno yote mara nne bila kukwama. Leo mara moja, kisha yakapotea. Nikabaki nimemkodolea macho mke wangu, mdomo wazi. Astera akadhani nataka jembe. Akanipa.

Jumatano, 4 Juni

Niandike hapa, maana hapa hakuna anayesoma.

Filamu tatu zilizopita sikukumbuka maneno. Hata moja. Aliyenitoa aibu ni Leokadia, yule mjane anayeshika bati la kurudisha mwanga wa jua usoni kwa waigizaji. Kwenye ya saba alinikuta nyuma ya jengo natafuta maneno yangu, siyapati. Picha ilipoanza, bati kaliegemeza ukutani, mwenyewe kajikunja chini ya meza yangu. Akanong'ona neno, nikalisema. Akanong'ona jingine, nikalisema. Ya nane hivyo hivyo. Ya tisa hivyo hivyo. Watu wananisifu, eti siku hizi Mzee Stoo anatulia kabla ya kusema, amekomaa. Kutulia gani! Nilikuwa nangoja meza iseme.

Hakuna anayejua. Astera hajui. Leokadia hajawahi kunikumbusha wala kuniomba chochote. Nikimwona sokoni namsalimia mbio mbio, napita. Naona haya. Siku nyingine namchukia kabisa. Ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyo.

Jumapili, 8 Juni

Evarist kaja baada ya Misa. Nilimjua marehemu baba yake, ndiye aliyeanzisha filamu hizi na kamera ya studio yake ya picha pale mjini Ngara. Kijana ana adabu. Kaamkia, kakaa, kaizungusha kofia mkononi mpaka nikachoka kumtazama.

"Mzee, kwenye hii ya kumi Mzee Stoo anakufa."

Wabaya wananivamia ofisini. Naonekana mara moja tu, nimeanguka, mgongo kwenye kamera. Kachero anarudi anakuta nazikwa, na kaburi wanataka kulichimba hapa hapa bomani kwangu. Sina neno hata moja. Kasema ni kwa heshima. Heshima gani ya kuonyesha mgongo? Nimemwambia sawa. Nimemsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikashindwa kula.

Astera hakusikitika. Alikasirika. Kaburi la mtu anayepumua, kwenye boma lake? Tangu lini?

Mimi sijali kaburi. Nataka mambo mawili tu: wasinisahau, na wasijue kwamba nasahau. Sasa la kwanza limekatika. Labda nalo la pili limeshavuja ndiyo maana wananizika.

Jumamosi, 14 Juni

Nyamahanga, kwa binti yetu Jovina. Kanichukulia dawa za presha hospitali Biharamulo, nami nimekuja kuzifuata. Uongo. Nimekuja kukimbia maswali ya majirani.

Kituoni mama mmoja alikuwa anampakia binti yake kwenye basi, naona anakwenda shule ya bweni. Kampa mwavuli. Kamshika kidevu. "Kirudi kizima, na wewe urudi mzima." Binti akacheka. Kondakta akadakia, "Mzee Stoo!" Basi zima likaangua kicheko.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Bila koti. Hakuna aliyenitambua.

Maneno hayo yalitoka kwa bahati mbaya. Nilikuwa mtunza stoo wa shule kule Biharamulo, wanafunzi wakija kuazima jembe au ndoo nilikuwa nawaambia hivyo. Kwenye filamu ya kwanza hapakuwa na maandishi. Mzee wa Evarist alikuwa anakutajia la kusema mara moja, kamera inawashwa, na picha hairudiwi kwa sababu jenereta lina wenyewe. Mimi la kwake likanitoka kichwani. Nikasema la stoo. Akaliacha. Sasa linasemwa mpaka na akina mama wa Biharamulo.

Nilivimba kichwa pale kituoni, nakiri. Halafu nikasikia uchungu. Jovina kauliza mbona macho mekundu. Nikamwambia vumbi.

Alhamisi, 19 Juni

Kikao cha kaburi langu. Ukumbini kwangu, mbele yangu, kana kwamba sipo.

Mzee Damiani ndiye msimamizi wa misiba kitongojini kwetu. Kaja na fimbo na sura ya kazi. Kasema kaburi likichimbwa haliachwi wazi, litamtafuta mtu. Kama hakuna maiti, huzikwa gogo la mgomba, tena kwa taratibu zote. Ndivyo walivyozikwa watu waliopotelea vitani na ziwani. Astera kasema kama ni hivyo anakubali, ila kaburi liwe ng'ambo ya njia, si ndani ya migomba yake.

Evarist kakubali haraka haraka. "Hata magogo mawili, Mzee wangu!" Mtoto wa mjini huyo. Damiani alimtazama kwa muda mrefu.

Jumanne, 1 Julai

Leo nimekufa.

Ofisi ile ile, darasa la zamani lenye dirisha moja. Meza yangu ile ile. Nimeanguka mara nne ndipo Evarist akaridhika. Goti limevimba kama boga. Leokadia alisimama na bati lake pembeni, chini ya meza hakuna mtu. Mara ya nne nilipolala sakafuni nilipaona pale anapojikunjaga. Padogo! Mama wa miaka hamsini na ushee anaingiaje pale? Sikuwahi kupaangalia.

Kijana kachero alinisaidia kuinuka. Akaniambia, "Pole, babu." Babu!

Jumatano, 2 Julai

Nimehudhuria maziko yangu. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kamera, nimevaa shati, koti limetandikwa juu ya jeneza. Ndani ya jeneza kuna gogo la mgomba limeviringishwa shuka.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Majirani waliambiwa walie, wakawa wanashika mbavu kwa kicheko. Mmoja alilia huku anatafuna muwa. Evarist kapaza sauti mpaka ikakauka. Kachero kajipaka mate chini ya macho.

Kisha Damiani kachukua nafasi yake. Kavua kofia. Kaomba sala, kaanza kutaja: huyu alikuwa mtunza stoo, hakumnyima mtu kifaa, hakumwacha mtu aondoke bila neno. Watu wakanyamaza. Bibi Anonsiata, jirani yetu wa kule bondeni, kasogea na udongo mkononi. Mwanawe alikwenda machimboni miaka mingi iliyopita. Kasema, "Nilimuaga mwanangu kwa maneno yako. Hajarudi bado. Naendelea kuyasema." Akamwaga udongo.

Hapo kilio kikaja chenyewe. Evarist kasema kata, hakuna aliyekata. Kila mtu alipita na udongo wake na neno lake. Nililia mimi pia. Nililia vibaya, kamasi na yote. Loo, kumbe nilikuwa mtu wa watu na sikuambiwa.

Leokadia alipita wa mwisho. Akamwaga udongo wake, akarudi kushika bati.

Alhamisi, 3 Julai

Balaa.

Leo ilikuwa siku ya kumfukuza adui kwenye mashamba ya mtama. Evarist alihitaji watu thelathini wenye majembe. Hakuja hata mmoja. Kitongoji kizima hakijaenda shamba. Kimekuja kwangu. Wamekaa chini kwenye majani makavu ya migomba, wameleta ndizi, maharage, pombe ya ndizi madumu mawili.

Evarist kashika kichwa. "Lakini hakuna aliyekufa!"

Damiani kajibu bila kuinua macho kwenye kiko chake. "Shimo limechimbwa? Limechimbwa. Udongo umetupwa? Umetupwa. Watu wamelia? Wewe mwenyewe umetupiga picha tukilia. Basi haya ni matanga."

Akina mama wanampa Astera pole. Halafu wakinikuta mlangoni wanainama: "Shikamoo. Pole na wewe." Marahaba, najibu, ahsanteni. Astera amecheka mpaka kakaa chini, machozi yanamtoka, na wageni wanadhani ni majonzi, wanambembeleza.

Jambo lenyewe si la kucheka kwa Evarist. Kamera ameazima Mwanza, Jumapili lazima iondoke. Kauliza matanga yanaanuliwa lini. Jumamosi, kasema Damiani, lakini si bila mrithi. Siku ya kuanua, mrithi hukalishwa kitini, akavalishwa vazi la marehemu. Bila mrithi msiba haufungwi.

"Mrithi wa nini?" kauliza Evarist.

"Wa stoo. Kachero wako atapewa vifaa na nani?"

Wote wakanigeukia mimi, marehemu, niseme.

Mpwa wangu Fidelis kajikohoza mara mbili. Koti lenyewe anaona linamfaa. Evarist kaninong'oneza kuna mchekeshaji kijana wa Mwanza, ana wafuasi wengi kwenye simu. Nimesema nitajibu Jumamosi. Jibu nilikuwa nalo tangu Fidelis alipokohoa. Linanitisha.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda kwa Leokadia. Mara ya kwanza maishani kuvuka kizingiti chake. Alikuwa anapepeta maharage. Alifuta kiti kwa kanga, kaniamkia, kaendelea kupepeta.

Nikamwambia nataka akae kitini kesho.

Akakataa. Hakusita. Yeye ni mwanamke. Yeye si wa ukoo wangu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na hadi leo kuna watu wakikasirika humkumbusha. Halafu kaweka ungo chini.

"Na wakiuliza kwa nini mimi, Mzee, utawajibu nini? Ukiwajibu, wewe utabaki na nini?"

Nikamwomba anitajie maneno ya filamu ya tano, kujaribu tu. Akayasema yote. Yangu, ya kachero, hata ya mlinzi wa getini. Ya pili pia. Ya kwanza pia, na hata kikohozi nilichokohoa katikati. Alikuwa ananisikiliza miaka yote hiyo, bati mkononi.

Kisha kanieleza jambo ambalo limenivunja. Evarist anajua. Kwenye filamu ya nane mguu wake ulitokeza chini ya meza, kandambili ya njano. Evarist aliukata wakati wa kuunganisha picha, hakumwambia mtu. "Anakuua ili usiaibike," kasema. "Nilimwomba akuache hata mgongo."

Mgongo wangu ameuombea yeye! Mimi nampita sokoni kama simjui.

Nimerudi kwa miguu. Nilimkasirikia Evarist mpaka kwenye daraja. Kutoka darajani mpaka nyumbani nilijikasirikia mwenyewe. Nilipofika nikamwambia Astera kila kitu. Kanisikiliza, kisha kasema alijua nasahau, tangu nilipomwita jina la dada yake mwaka jana. La Leokadia ndilo hakulijua. Kanipa chakula. Nimekula.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika leo leo, kesho sijui nitakuwa nimebaki na nini kichwani.

Watu walijaa. Kiti katikati ya uwanja. Nilivaa koti. Evarist kawasha kamera, kasema ataichukua hivyo hivyo, atajua mbele ya safari pa kuiweka. Damiani kaniita. Marehemu aseme.

Nikasema. "Ninasahau. Filamu tatu sikujua neno langu hata moja. Aliyekuwa ananitajia alikuwa chini ya meza, anaumia mgongo, na mimi nachukua sifa. Ni Leokadia huyu. Hata leo nikiulizwa maneno yangu, sina hakika."

Nilingoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na manung'uniko. Fidelis kasema mwanamke hakalishwi kiti cha mwanamume. Mtu nyuma yake kaongeza, tena wa kuja. Nililisikia, Leokadia naye alilisikia, kainamisha kichwa.

Bibi Anonsiata kainuka. Kamtazama aliyesema mpaka yule kaangalia viatu vyake. "Mlipofiwa, nani aliwachotea maji siku nne? Mlimuuliza katoka wapi?" Kakaa.

Damiani kapiga fimbo chini. Kauliza swali moja tu. "Anayajua maneno?"

"Yote," nikasema.

"Basi akae. Tukalime."

Nikavua koti. Nilidhani litanitoka kwa mbinde, kumbe lilitoka jepesi. Nikamvalisha. Mikono mirefu, Astera kasogea kaikunja mara mbili. Kakaa kitini. Damiani kampa pampu ya baiskeli. Kachero kasogea mbele yake, kwa mara ya kwanza naye anaonekana kama mtu mwenye safari.

Leokadia kainua pampu. Kafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Miaka yote alikuwa anayasema chini ya meza au nyuma ya bati. Hajawahi kuyasema watu wakimtazama. Nikaona jasho kwenye mdomo wa juu. Nikaona macho yanatafuta. Nayajua macho hayo! Ni yangu. Evarist hakusema kata. Mimi nilikuwa karibu na kiti, nimesimama na shati langu lisilo na vifungo viwili. Goti linauma. Nikapiga magoti hivyo hivyo, nikajificha nyuma ya kiti chake, nikatafuta kichwani mwangu.

Nilipata neno moja. Moja tu, haki ya Mungu.

"Kirudi," nikanong'ona.

Mabega yake yakashuka. "Kirudi kizima," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "na wewe urudi mzima."

Kachero kaitikia kwa kichwa, kaondoka na pampu. Sidhani kama alikuwa anaigiza. Damiani kasema msiba umefungwa. Watu wakapiga makofi, wakachukua majembe yao. Walipitia kwenye mtama wa Evarist, wakamfukuza adui mpaka mtoni, kazi ya siku mbili wakaimaliza jioni moja.

Mimi nilibaki chini. Hawakuweza kuniinua mpaka Astera alipokuja.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua ya pili ya msimu. Udongo umelainika, tunapanda maharage. Astera anachimba, mimi naweka mbegu, tatu tatu. Nikisahau nimeweka ngapi naanza upya, naye ananingoja.

Filamu imeonyeshwa sokoni juzi. Nilikwenda. Walipofika kwenye kiti watu walipiga kelele. Nyuma ya kiti unaonekana unyayo wangu, mpasuko wa kisigino na yote. Evarist hakuukata. Nilimuuliza. Kasema aliuona.

Leokadia kapita asubuhi kuazima jembe, lake limevunjika mpini. Nikampa. Tukasimama. Nilijua kuna jambo la kusema hapo na lilikuwa halipo. Alingoja kidogo, hakunitajia. Kasema tu, "Nitalirudisha, Mzee." Kaenda zake na njia ya bondeni, koti la kaki limemkaa vizuri sasa, kalipunguza mikono.

Tumebakiza mistari sita. Tutamaliza kesho kama haitanyesha sana.